Maumivu ya Viungo na Afya ya Mifupa Wakati wa Kukoma Hedhi: Hatua za Kufuata

Mwanamke anayekaribia kukoma hedhi huenda kumwona daktari kwa sababu ya goti, bega au vidole vinavyokakamaa asubuhi. Ni nadra kwenda kwa sababu ya mifupa, kwa kuwa mfupa unaopungua hauumi wala hauvimbi mpaka siku unapovunjika. Viungo na mifupa huathiriwa na kupungua kwa homoni ile ile, yaani estrojeni, lakini kila kimoja kinataka kushughulikiwa kwa njia yake. Isitoshe, baadhi ya mambo ambayo watu hufanya ili kutuliza viungo, hasa kuacha kutembea na kumeza dawa zenye steroidi (dawa kali za kutuliza uvimbe) kwa muda mrefu, huidhoofisha mifupa. Hatua zifuatazo zinamsaidia msomaji kutuliza maumivu huku akiilinda mifupa, asije akadhani kwamba maumivu yakiisha basi na mifupa iko salama.

Hatua ya 1: Fahamu umefika kipindi gani

Hedhi huhesabiwa kuwa imekoma mwanamke anapotimiza miezi 12 mfululizo bila kuiona, na wengi hufikia hapo kati ya umri wa miaka 45 na 55. Hata hivyo, mabadiliko huanza miaka kadhaa kabla, wakati estrojeni inapopanda na kushuka bila mpangilio, na ndiyo maana mwanamke ambaye bado anapata hedhi, ingawa kwa kurukaruka, anaweza kuamka akiwa na viungo vizito. Gegedu, utando unaozunguka kiungo, kano na misuli, vyote huitikia estrojeni, na homoni hiyo inapopungua uvimbe na maumivu hupata nafasi. Usingizi unaokatizwa na joto la ghafla na jasho la usiku huongeza makali, kwa sababu mtu asiyelala vizuri huyahisi maumivu zaidi.

Kwenye mifupa mambo huenda kimyakimya. Mfupa hubomolewa na kujengwa upya maisha yote: ziko seli zinazokula mfupa mkuukuu, na ziko nyingine zinazojaza mahali palipoliwa. Uimara wa mifupa hufikia kilele mtu anapokaribia miaka 30, na baada ya hapo estrojeni husaidia kuzizuia seli za kubomoa zisizizidi zile za kujenga. Homoni hiyo ikipungua, ubomoaji hushika kasi, na kwa wastani mwanamke hupoteza karibu 10% ya uzito wa mifupa katika miaka 5 ya kwanza baada ya hedhi kukoma. Kwa hiyo miaka hiyo ndiyo ya kuchukua hatua, kabla mgongo haujaanza kupinda.

Ikiwa hedhi imekoma kabla ya miaka 45, na hasa kabla ya miaka 40, au ikiwa ovari zote mbili zimeondolewa kwa upasuaji, mwone daktari bila kusubiri kupitia hatua nyingine. Mifupa yako itaishi miaka mingi zaidi bila ulinzi wa estrojeni, na kwa kawaida madaktari hushauri tiba ya homoni angalau mpaka umri ambao hedhi ingekoma yenyewe, isipokuwa kama kuna sababu ya kuizuia, kwa mfano saratani ya matiti.

Hatua ya 2: Yachunguze maumivu kabla ya kuyapa jina

Katika umri huu ni rahisi mno kila kiungo kinachouma kusingiziwa hedhi. Huo ndio umri ambao magonjwa kadhaa ya viungo huanza, na baadhi yake yakicheleweshwa huharibu kiungo kwa namna isiyorekebishika. Kwa muda wa wiki mbili, andika kila siku ni viungo gani vinauma, ni saa ngapi, ukakamavu wa asubuhi unadumu dakika ngapi, kama kuna uvimbe au joto, na ni jambo gani linaloongeza au kupunguza maumivu. Karatasi hiyo moja humsaidia daktari kuliko maelezo marefu yanayotolewa kwa kukumbukakumbuka.

Maumivu yanayoandamana na kupungua kwa estrojeni mara nyingi huhamahama na kugusa viungo vingi, hasa vidole, magoti, mabega na nyonga. Ukakamavu wa asubuhi hulegea upesi mtu akianza kusogea, na kwa kawaida hakuna uvimbe unaoonekana. Baridi yabisi inayotokana na kinga ya mwili kushambulia viungo ina sura nyingine: ukakamavu hudumu zaidi ya nusu saa, mara nyingi zaidi ya saa nzima, viungo vidogo vya mikono na miguu huvimba pande zote mbili, na uchovu huwa mzito. Ugonjwa huu huwapata wanawake mara mbili hadi tatu zaidi ya wanaume, na dawa zake hufanya kazi vizuri zaidi zikianza mapema, kabla kiungo hakijaliwa. Ukiona dalili hizo, wiki mbili za kuandika zisikucheleweshe.

Kusagika kwa viungo huzidi kiungo kinapotumika na hupungua kikipumzishwa. Kwenye mikono hupenda vifundo vilivyo karibu na kucha na shina la kidole gumba. Jongo, ambalo wengi hulidhani kuwa la wanaume peke yao, huongezeka kwa wanawake baada ya kukoma hedhi, kwa sababu estrojeni ilikuwa ikizisaidia figo kutoa asidi ya yuriki. Hushika ghafla, mara nyingi usiku, na kiungo huwa chekundu kisichotaka kuguswa hata na shuka. Bega lililoganda nalo hutokea zaidi kati ya miaka 40 na 60: huanza kwa maumivu ya usiku, kisha mkono unakataa kuinuka au kufika mgongoni, awe anauinua mwenyewe au anainuliwa na mtu mwingine. Hili huchukua miezi mingi, wakati mwingine zaidi ya mwaka, na mtu aliyeambiwa hivyo mapema huvumilia vizuri kuliko anayehangaika kutafuta tiba ya siku tatu.

Daktari anaweza kuagiza vipimo vya damu vya uvimbe mwilini, baridi yabisi, asidi ya yuriki, tezi ya shingo, kalsiamu na vitamini D, kulingana na alichokiona. Mweleze pia dawa unazotumia. Dawa za kuzuia utengenezaji wa estrojeni, ambazo hupewa baadhi ya wanawake waliotibiwa saratani ya matiti, huumiza viungo na kupunguza mifupa kwa wakati mmoja. Usiziache mwenyewe, bali uliza jinsi ya kuzivumilia au kubadilishiwa.

Kuna hali ambazo hazingoji. Kiungo kimoja kilichovimba na kuwa cha moto huku una homa kinahitaji kuonwa siku hiyo hiyo, kwa sababu huenda kina maambukizi. Maumivu makali ya mgongo yaliyoanza ghafla baada ya kuinama au kuinua kitu chepesi yanaweza kuwa pingili ya uti wa mgongo iliyobonyea. Maumivu ya mgongo yanayoambatana na ganzi sehemu za siri, miguu kuishiwa nguvu, au kushindwa kuzuia mkojo au choo ni dharura. Maumivu ya mfupa yanayoamsha usiku pamoja na kukonda bila sababu nayo yachunguzwe haraka.

Hatua ya 3: Pima hatari ya mifupa, usiibashiri

Anza na historia yako. Hatari huongezeka kwa mwanamke aliyewahi kuvunjika mfupa baada ya kuanguka kidogo tu, ambaye mama au baba yake alivunjika nyonga, mwenye mwili mwembamba sana, anayevuta sigara au kunywa pombe nyingi, mwenye baridi yabisi, au aliyetumia vidonge vya steroidi kama prednisoloni kwa miezi 3 au zaidi. Pima urefu wako ukiwa umesimama wima ukutani bila viatu, uuandike, na urudie kila mwaka. Kupungua kwa takriban sentimita 4 ukilinganisha na urefu wa ujanani ni sababu tosha ya kuomba uti wa mgongo upigwe picha.

Kipimo kinachotumika zaidi ni DEXA, ambacho hupiga nyonga na sehemu ya chini ya mgongo kwa mionzi kidogo sana, bila sindano wala maumivu. Matokeo hutolewa kama alama T, inayolinganisha mifupa yako na ya mwanamke kijana mwenye afya. Kwa vigezo vilivyowekwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1994, alama ya -1 au zaidi ni ya kawaida, kati ya -1 na -2.5 mfupa umepungua, na -2.5 au chini yake ni osteoporosisi, yaani mifupa iliyodhoofika kiasi cha kuvunjika kwa urahisi. Si kila mwanamke anahitaji kipimo hiki mara tu hedhi inapokoma. Miongozo mingi inakishauri kwa wote kuanzia miaka 65, na mapema zaidi kwa wenye hatari nilizozitaja. Mahali ambapo mashine haipo, daktari anaweza kutumia kikokotoo cha FRAX, kilichotolewa na Chuo Kikuu cha Sheffield mwaka 2008, ambacho hukadiria uwezekano wa kuvunjika mfupa katika miaka 10 ijayo hata bila DEXA.

Alama T peke yake isikutishe wala isikufariji kupita kiasi. Wanawake wengi wanaovunjika mifupa wana alama ambazo hazijafika -2.5, kwa sababu wenye alama hizo ni wengi zaidi na kwa sababu kuanguka nako kuna mchango wake. Mtu aliyevunjika kifundo cha mkono kwa kuteleza tu sakafuni ana habari kubwa kuhusu mifupa yake kuliko tarakimu yoyote, na inasikitisha kwamba wengi hufungwa plasta na kurudi nyumbani bila mtu kuuliza chochote juu ya mifupa.

Hatua ya 4: Tuliza maumivu bila kuigharimu mifupa

Kwa maumivu ya vidole na magoti, jeli ya kupaka yenye diklofenaki au ibuprofeni ndiyo ya kujaribu kwanza, kwa kuwa kiasi kidogo tu huingia kwenye damu. Joto husaidia ukakamavu: maji ya vuguvugu kwenye mikono asubuhi hulegeza vidole kabla ya kazi. Barafu iliyofungwa kwenye kitambaa hufaa zaidi kiungo kilichovimba. Parasetamoli haina nguvu kubwa kwa viungo vilivyosagika, lakini wapo inaowafaa. Mtu mzima asizidishe gramu 4 kwa siku, na mwenye mwili mdogo au ugonjwa wa ini apewe kiwango cha chini zaidi. Vidonge vya ibuprofeni, diklofenaki na jamii yake vitumike kwa kiwango kidogo na kwa muda mfupi, na visitumike bila ushauri kwa mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, ugonjwa wa moyo au shinikizo la damu.

Jihadhari sana na dawa za viungo zinazosifiwa kuwa ni za asili na zinazofuta maumivu yote ndani ya siku mbili. Mwaka 2022 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kuhusu bidhaa za namna hiyo zilizokutwa na diklofenaki na deksamethasoni ambazo hazikuandikwa kwenye pakiti. Deksamethasoni ni steroidi yenye nguvu. Humfanya mgonjwa ajisikie kijana, na wakati huohuo hula mifupa, hupandisha sukari na shinikizo la damu, na kuzizima tezi za juu ya figo, kiasi kwamba kuiacha ghafla kunaweza kuwa hatari. Ikiwa umekuwa ukitumia dawa ya aina hiyo kwa wiki kadhaa, usiitupe leo na kunyamaza. Ipeleke pakiti kwa daktari ili akuongoze kuiacha.

Glukosamini na kondroitini hununuliwa sana, lakini ushahidi wake ni dhaifu. Fedha hizo, kwa maoni yangu, zingefaa zaidi kumlipa mtaalamu wa fiziotherapia kwa siku chache za mwanzo za hatua inayofuata.

Kwa mwenye uzito uliozidi, kupungua hata kidogo husaidia magoti: utafiti uliofanywa kwa watu waliosagika magoti ulionyesha kwamba kila kilo inayopungua mwilini huliondolea goti mzigo wa takriban kilo 4 katika kila hatua. Punguza taratibu, ukila protini ya kutosha na kufanya mazoezi ya nguvu, kwa sababu mwili unaokondeshwa haraka kwa njaa hupoteza misuli na mfupa pia.

Hatua ya 5: Ipe mifupa mzigo

Hii ndiyo hatua inayorukwa zaidi, ilhali inahudumia viungo na mifupa kwa pamoja. Mfupa hujengeka pale unapovutwa na misuli na kubebeshwa uzito usiouzoea. Misuli iliyoimarika nayo hulishika goti na nyonga, na maumivu hupungua. Anayeumwa viungo hushawishika kukaa. Akikaa, misuli hulegea, kiungo hubeba mzigo peke yake, maumivu huzidi, na mfupa hukosa sababu ya kujijenga.

Kutembea ni kuzuri kwa moyo, kwa usingizi na kwa viungo, na lengo la dakika 150 kwa wiki ni zuri, lakini kutembea peke yake hakuongezi mfupa kwa kiasi kikubwa. Kuogelea na kuendesha baiskeli hupunguza maumivu bila kuchosha magoti, ila havibebeshi mifupa uzito. Kinachohitajika juu ya hayo ni mazoezi ya nguvu siku 2 au 3 kwa wiki, kwa kuacha angalau siku moja ya kupumzika katikati.

Anza na kuinuka kutoka kwenye kiti bila kutumia mikono. Keti taratibu, inuka, rudia mara 8 hadi 12, pumzika, kisha fanya mzunguko wa pili. Likikushinda, tumia kiti kirefu zaidi au weka mto juu yake. Fuatisha kuinuka kwa vidole vya miguu huku umeshika meza, kusukuma ukuta kwa mikono miwili kama anayetaka kuuhamisha, na kuvuta mkanda wa mpira kuelekea kifuani ili mabega na misuli ya mgongo ifanye kazi. Baada ya wiki chache, zoezi likiwa jepesi, ongeza mzigo: shika chupa za maji, kisha vyuma vizito zaidi. Watu wengi hukwama hapa, wakirudia uzito ule ule mwaka mzima. Mara mbili za mwisho katika kila mzunguko zinapaswa kuwa ngumu. Zisipokuwa ngumu, mfupa haujapata ujumbe.

Maumivu madogo wakati wa mazoezi yanakubalika ikiwa yametulia kufikia kesho yake. Yakidumu zaidi ya saa 24 au kiungo kikivimba, punguza uzito au idadi, lakini usiache kabisa. Kwa mwenye mifupa imara na magoti mazima, kurukaruka mara chache kwa siku huongeza kichocheo. Aliyewahi kuvunjika pingili ya mgongo, au aliyeambiwa ana osteoporosisi, asiruke na asiiname mbele akiwa amebeba uzito wala kujipinda kwa nguvu mpaka aongozwe na mtaalamu. Ongeza pia mazoezi ya mizani: kusimama kwa mguu mmoja karibu na kitu cha kushika kunatosha kuanza, na kunaweza kufanywa wakati wa kupiga mswaki.

Hatua ya 6: Hesabu kalsiamu, vitamini D na protini

Viwango vya Marekani vinampa mwanamke aliyezidi miaka 50 miligramu 1,200 za kalsiamu kwa siku. Uingereza inaona miligramu 700 zinatosha. Lenga kati ya hapo, na uzitafute kwanza kwenye chakula. Kikombe cha maziwa au mtindi cha mililita 250 kina takriban miligramu 300. Samaki wadogo wanaoliwa na mifupa yao, ufuta, maharage na mboga za majani mabichi huongeza, ingawa kalsiamu ya spinachi hainyonywi vizuri.

Kama chakula hakifikishi, kidonge kijaze pengo peke yake. Mwili hunyonya vizuri zaidi usiozidi miligramu 500 kwa mara moja. Kalsiamu kaboneti imezwe pamoja na chakula, nayo kalsiamu sitreti wakati wowote. Anayetumia dawa ya tezi ya shingo aitenganishe na kalsiamu kwa saa 4. Vitamini D ya uniti 600 hadi 800 kwa siku huwatosha wengi, na bila agizo la daktari usizidishe uniti 4,000. Protini ya gramu 1 hadi 1.2 kwa kila kilo ya mwili, ikigawanywa katika milo yote, hulinda misuli. Mwenye ugonjwa wa figo aulize kwanza. Sigara iachwe: hupunguza mifupa na hata kuwahisha kukoma kwa hedhi.

Hatua ya 7: Zungumza kuhusu homoni na dawa za mifupa

Tiba ya homoni huzuia kupungua kwa mifupa na hupunguza uwezekano wa kuvunjika. Wanawake wengi bado wanaiogopa kutokana na utafiti mkubwa wa Marekani uliositishwa mwaka 2002, ambao ulionyesha ongezeko la saratani ya matiti, kiharusi na damu kuganda kwa waliotumia estrojeni pamoja na projestini, homoni inayoulinda mfuko wa uzazi. Utafiti huo huo ulionyesha kwamba kuvunjika nyonga kulipungua kwa takriban theluthi moja. Uchambuzi wa baadaye umeonyesha kuwa faida huelekea kuzidi hatari kwa mwanamke mwenye afya aliye chini ya miaka 60 au ambaye hajapita miaka 10 tangu hedhi ikome. Mwenye mfuko wa uzazi hapewi estrojeni peke yake, kwa kuwa huongeza saratani ya mfuko huo. Kwa viungo usitarajie muujiza: wapo wanaopata nafuu kubwa, lakini katika tafiti nafuu ya wastani ilikuwa ndogo.

Kwa osteoporosisi yenyewe, dawa ya kuanzia kwa kawaida ni alendroneti, mara nyingi miligramu 70 mara moja kwa wiki. Humezwa asubuhi tumbo likiwa tupu, kwa glasi nzima ya maji matupu, kisha mtu hukaa wima au kusimama kwa dakika 30 bila kula wala kulala, la sivyo huunguza koo la chakula. Asiyeweza masharti hayo anaweza kupewa asidi ya zoledroniki kwa dripu mara moja kwa mwaka. Matibabu makubwa ya meno yamalizwe kabla ya kuanza, kwa sababu dawa hizi, mara chache sana, hudhuru mfupa wa taya. Denosumabu ni sindano ya kila miezi 6, na hapa onyo ni moja: usiiache wala kuichelewesha bila mpango wa dawa ya kuifuata, kwani ikikatizwa mfupa hupungua kwa kasi na pingili za mgongo zinaweza kuvunjika kadhaa kwa mpigo.

Hatua ya 8: Punguza kuanguka, kisha urudi kupima

Pima macho, weka taa ya usiku kwenye njia ya kwenda chooni, ondoa mazulia yanayoteleza na nyaya zilizolala sakafuni, na vaa viatu vyenye kisigino kilichofungwa hata ndani ya nyumba. Dawa za usingizi na baadhi ya dawa za shinikizo la damu huleta kizunguzungu; mwombe daktari azipitie zote.

DEXA hurudiwa kwa kawaida baada ya takriban miaka 2, kwa mashine ile ile kama inawezekana, kwa sababu tofauti kati ya mashine mbili inaweza kuwa kubwa kuliko mabadiliko yaliyotokea kwenye mfupa. Anayetumia vidonge vya alendroneti hutathminiwa upya akifikisha miaka 5, ili iamuliwe kama aendelee, abadilishiwe au apumzishwe.